Tairi za Bi Siwema

Kariakoo yote haina neno gumu kutamka kuliko "hamna". Mteja akikuuliza kitu ambacho hujapata hata kukiona, unamwambia kipo, unamvutia kiti, unamwagizia soda, halafu unapita mlango wa nyuma kwenda kukitafuta kwa jirani. Kikipatikana, umeuza. Kisipopatikana unarudi na kinachofanana nacho, na unakisifia mpaka mwenyewe anaanza kuamini ndicho alichokifuata. Fikirini aliujua mchezo huo tangu ana miaka kumi na tisa, na kwa miaka ishirini na zaidi ya kuuza tairi jirani na Mtaa wa Msimbazi haukuwahi kumnyima usingizi. Wateja walirudi, wengine na shukrani mdomoni.

Mpaka siku alipokuja Bi Siwema kutaka tairi.

Bi Siwema hakuwa mteja wa kupita. Alikuwa shoga wa mama yake Fikirini tangu mtaa wao ukiwa wa nyumba za chini, kabla haujajaa maghorofa, na ndiye aliyekuwa akiitwa kila mwanamke wa Kiislamu anapofariki pale mtaani, aje kumwosha. Mama yake Fikirini mwenyewe aliondoka duniani kwa mikono hiyo. Sasa bibi alikuwa amepita sabini, nyonga moja ina chuma, na kwa ajili ya chuma hicho daktari alimkataza bodaboda. Kuendesha gari hakumkataza, na Bi Siwema aliendesha, tena kwa madaha, miwani puani na mtandio umekaa sawasawa.

Kigari chake kilikuwa chekundu, kidogo, cha Kijerumani, kimeingia nchini kikiwa kimekwisha kutumika Japani. Mumewe, Bwana Adamu, ndiye aliyemnunulia miaka miwili kabla hajafa, na hakukichagua kwa rangi. Kigari hicho hakikuwa na tairi ya akiba, wala jeki, wala pa kuziweka, kwa sababu kilitoka kiwandani na tairi za ubavu mgumu, zile mafundi wetu wanaziita ranifleti. Upepo ukiisha wote, ubavu wenyewe unabeba gari, na unatembea polepole kilomita nyingi tu mpaka umfikie fundi. Bwana Adamu hakutaka mkewe asimame peke yake kando ya barabara akiomba msaada kwa watu asiowajua. Alimwambia, ukiona taa ya njano imewaka hapa, usishuke wala usiogope, punguza mwendo uende zako. Bi Siwema alilishika somo hilo kama alivyoishika Alhamdu.

Basi mwezi wa tatu mwaka huu alifika dukani, tairi zote nne zimekuwa kipara. Akaketi, akasema anataka zilezile za marehemu, hataki nyingine.

"Zipo, mama," alisema Fikirini.

Hazikuwepo. Alizitafuta Msimbazi nzima, akashuka Gerezani, akampigia mtu anayeleta makontena, jibu likawa moja: saizi ile ya ranifleti hakuna, labda aagize, asubiri wiki sita, pengine nane. Jirani yake wa duka, Ansbert, Mchagga wa Rombo anayeuza ringi na asiyejua kupamba maneno, alimwambia jambo la akili. Mweleze mama wa watu kwamba hamna. Mfungie za kawaida, mpe tairi ya akiba na jeki, mkalishe chini umweleze kwamba sasa taa ikiwaka anasimama palepale. Ni dakika tano za maneno.

Fikirini aliyasikia vizuri sana. Shida ni kwamba Bi Siwema wakati huo alikuwa kwenye kiti cha dukani na kikombe cha chai, anawaeleza wateja wengine kwamba huyu ni mwanawe, hajawahi kumwambia kitu kikashindikana. Ukishasifiwa hivyo mbele za watu, midomo inakuwa mizito. Alifunga tairi nne za kawaida, nzuri, mpya, akasema ndizo. Hakumuongezea bei hata kidogo, na jambo hilo alilishika baadaye kama mtu anayeshika kipande cha ubao majini: sikumwibia. Bi Siwema alimwombea dua ndefu palepale, na Fikirini akaitikia amina.

Alijiambia ataagiza zile zenyewe, zikifika atabadilisha kimyakimya. Je, aliagiza? Hakuagiza. Baada ya wiki bibi alipita kumwambia kwamba gari limekuwa laini, mashimo hayasikiki tena, anaendesha kama amekalia godoro. Fikirini alicheka naye, kisha akaingia stoo akasimama humo bila kazi. Kuanzia hapo, kila kigari chekundu kilipopita mtaani, alijikuta ana jambo la haraka la kutazama chini ya meza.

Sasa anaingia Tatu, ambaye Fikirini hakuwahi kumwona. Tatu na Bi Siwema walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakafundwa na kungwi mmoja, wakaolewa mwaka mmoja. Walikuwa wamepeana ahadi ya tangu ujana: atakayetangulia, mwenzake atamwosha. Tatu alihamia Kimbiji kwa mumewe, akazeekea huko, na ahadi akaitia kwenye wasia. Asimguse mwanamke mwingine yeyote isipokuwa Siwema, na binti yake Nasreen awe msaidizi. Alifariki Alhamisi moja ya mwezi wa tano, alfajiri. Maziko yakapangwa baada ya sala ya adhuhuri.

Saa tatu na nusu asubuhi simu ya Fikirini ikalia. Bi Siwema alikuwa ametulia, hata hakupandisha sauti. Alieleza kwamba anakwenda Kimbiji kumwosha shoga yake Tatu. Taa ya njano iliwaka anapotoka Kibada, naye hakuhangaika, alipunguza mwendo akaendelea kama alivyofundishwa. Alipita kwa mafundi wa pancha, wawili au watatu, hakusimama kwa yeyote kwa sababu ana haraka. Sasa gari limelala upande mmoja, tairi imechanikachanika, ringi inasaga barabara.

"Sielewi imekuwaje," alisema. "Chaji yangu ndogo, mwanangu. Utakuja?"

Fikirini alielewa palepale imekuwaje. Pancha ile ilikuwa kazi ya dakika kumi kwa fundi yeyote wa Kibada, na bibi alimpita kwa sababu aliamini ana tairi ambazo hana.

"Usitoke hapo, mama. Niko njiani."

Alisema hivyo akiwa amesimama dukani kwake na kikombe cha uji mkononi. Sote tunalijua hilo "niko njiani" la mjini kwetu, la mtu ambaye hata viatu hajavaa. Mara nyingi halimdhuru mtu.

Haki yake tuseme: angeweza kuligeuza kuwa kweli. Ansbert alipoambiwa, alitoa stoo ringi inayoingia kwenye kigari kile, ina tairi yake ya kawaida imeshajazwa upepo, akaifunga mwenyewe kwenye pikipiki ya Fikirini kwa mpira. Akaleta na jeki. Kilichobaki kilikuwa kuwasha na kuondoka.

Lakini Fikirini aliitazama ringi ile akaona yatakayofuata. Atapiga magoti mbele ya bibi, atafunga tairi, na bibi atauliza kwa nini ile imekufa wakati za marehemu hazifi. Atamjibu nini? Angepata ranifleti moja, moja tu, angeweza kusema ile ilikuwa na kasoro ya kiwandani, hii hapa nzima, na mambo yakaishia hapo. Akamwambia Ansbert anarudi sasa hivi. Akashika njia ya Gerezani kwa miguu.

Duka la kwanza hamna. La pili, kijana mwenye duka alisema ipo. Akamvutia kiti, akamwagizia soda, akapotelea mlango wa nyuma. Na Fikirini, aliyeucheza mchezo huo nusu ya umri wake, aliketi. Alijua kabisa kijana amekwenda wapi. Alijua hatarudi na kitu. Aliketi tu, kwa sababu mtu mwenye hofu huwa tayari kuamini hata uongo anaoutengeneza mwenyewe kila siku. Kijana alirudi baada ya nusu saa na tairi ya saizi nyingine kabisa, akaanza kuisifia.

Katikati ya kungoja huko Bi Siwema alipiga tena, akauliza amefika wapi.

"Navuka sasa hivi," alisema Fikirini, chupa ya soda mkononi.

Bibi akashukuru. Akasema Nasreen alikuwa anataka kumtumia gari kutoka msibani, yeye amemkatalia, watu wana mengi leo, na Fikirini anafika. Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutokea. Maneno matatu tu, mwambie alitume gari, na Bi Siwema angefika Kimbiji kabla ya saa tano, maji ya kumwoshea yakiwa bado motoni. Fikirini aliuona mlango ule. Lakini gari likija litakuja na watu, pengine na mtu anayejua tairi, naye atainama atazame, atasoma ubavuni, atasema mama hizi mbona za kawaida.

"Umefanya vizuri kukataa," alimjibu.

Aliporudi dukani ilikuwa imepita saa moja na ushei. Ansbert alimkuta anawasha pikipiki yenye ringi ileile iliyofungwa tangu mwanzo. Alimtazama tu, akarudi kwenye ringi zake.

Kivukoni alifika pantoni linaacha ufuo. Alisubiri lile la pili katikati ya wanunuzi wa samaki na ndoo zao, na hapo ndipo woga ulipomwachia nafasi akaanza kuona aibu. Alijaribu kumpigia Bi Siwema. Simu haikupatikana. Akapiga tena na tena, sauti ileile ya yule dada wa kwenye mtandao. Ng'ambo aliendesha kama mwehu. Alipopita Kibada aliwaona mafundi wa pancha, vibanda vyao kando ya njia, mmoja amekaa juu ya tairi kuukuu anakula muhogo, hana kazi.

Kigari chekundu alikikuta mbele sana, kimeegemea bega la barabara. Bi Siwema hakuwepo. Mama mmoja muuza nazi alimweleza kwamba bibi alisimama pale muda mrefu sana, anatazama upande wa mjini. Magari mawili yalisimama kumpa lifti, akasema asante, mwanawe anakuja. Baadaye aliongea na simu, akaonekana anamweleza mtu jambo kwa mikono kama anayefundisha, kisha simu ikazima. Hapo ndipo alipoanza kuhangaika. Lori la mchanga lilipopita alisimama katikati ya barabara, na vijana wakampandisha kwa kumbeba. Hiyo ilikuwa karibu na adhana.

Fikirini alibadilisha tairi. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe, na ilichukua dakika saba. Pikipiki aliiacha kwa muuza nazi, akakiendesha kigari mpaka Kimbiji, akaulizia msiba ulipo.

Alifika wanaume wanarudi kutoka makaburini, kanzu zina vumbi pindoni. Aliambiwa bibi wa Dar alifika jeneza limeshanyanyuliwa. Alilikimbilia, yule mwenye chuma kwenye nyonga, akaweka kiganja juu ya kitambaa cha kijani hatua mbili tatu, kisha akaachwa, maana wanawake hawaendi huko. Sasa yuko uani.

Uani Bi Siwema alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Pembeni yake palikuwa na kikapu chake cha kazi, karafuu maiti na udi na pamba, vyote havijafunguliwa. Alipomwona Fikirini alitabasamu, na hapo Fikirini alitamani angetukanwa.

"Mwoneni huyu," aliwaambia wanawake waliokuwa karibu. "Ameacha duka lake siku ya kazi kunifuata mpaka huku."

Fikirini alimsalimia, shikamoo ikatoka nusu. Akampa ufunguo. Angeweza kuondoka. Msiba wa watu, jua kali, pikipiki iko kwa mtu, sababu zote alikuwa nazo. Lakini Bi Siwema alianza kusema, kwa sauti ya chini, kama anayejisemea.

Alisema tangu asubuhi amekuwa akigombana na Adamu. Amemsema maneno mabaya pale barabarani, marehemu wa watu. Miaka yote hii amemwamini. Usishuke, usiogope, endelea. Kumbe hakuna tairi ya namna hiyo duniani, alimpumbaza tu ili aonekane mume anayejali, na leo amemnyima Tatu.

"Sikumjua kama ni mwongo," alisema. "Nimelala naye miaka arobaini."

Fikirini alichuchumaa. Aliona wazi kwamba akinyamaza hapa, kosa litakaa kaburini kwa mzee Adamu, ambaye hana mdomo wa kujitetea, na litakaa huko milele.

"Bwana Adamu hakukudanganya," alisema. "Mimi ndiye niliyekudanganya, mama. Tairi nilizokufungia si zilezile. Zilikosekana, nikakuwekea za kawaida, nikasema ndizo. Zake zingekufikisha."

Bi Siwema hakukasirika. Alikuwa anapiga hesabu ya asubuhi yake, taratibu, kituo kwa kituo, na Fikirini alimwona anapokaribia mahali asipotaka afike.

"Uliniambia uko njiani," alisema bibi. "Saa tatu na nusu."

"Ndiyo, mama."

"Kutoka Kariakoo mpaka pale ni mwendo wa saa moja, na kivuko saa moja na nusu. Nilikungoja mpaka adhana inakaribia. Ulikuwa wapi?"

Hili Fikirini hakuwa amekusudia kulisema. Alikuja na kosa moja mkononi, la pili amelificha nyuma.

"Nilikuwa Gerezani. Natafuta tairi ya zile zenyewe, nikufungie, usijue."

"Nilipokuambia nimekatalia gari la Nasreen, ulikuwa Gerezani?"

"Ndiyo."

Wanawake wawili waliokuwa karibu walinyanyuka polepole wakasogea kando. Bi Siwema alifunga macho. Midomo yake ikacheza, na Fikirini, aliyekuwa karibu, alisikia jina la Adamu na neno nisamehe. Lilirudiwa mara nyingi. Alipomaliza alifungua macho, akasema kwa upole uleule aliokuwa akimsifia nao dukani:

"Haki yangu mimi nimekuachia, Fikirini. Wewe ni mtoto wa shoga yangu, siwezi kukuacha nayo. Lakini ya Tatu si yangu. Siwezi kukusamehe kwa niaba yake." Akageukia mlango. "Nasreen, mwanangu, njoo mara moja."

Nasreen alitoka, mwanamke wa makamo, macho yamevimba, mikono bado ina harufu ya karafuu maiti. Bi Siwema alimwambia mgeni ana neno. Ikabidi Fikirini alirudie lote, safari hii amesimama, mbele ya mtu asiyemjua: tairi, Gerezani, soda, "umefanya vizuri kukataa". Kila alipotaka kulipunguza kidogo alikutana na macho ya bibi. Mwisho aliomba msamaha kwa yeyote anayeweza kuutoa.

Nasreen alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amechoka mno kuwa na hasira.

"Nilimwosha mwenyewe," alisema. "Wasia ulisema asiguswe na mwingine, na sheikh akasema tusimcheleweshe. Sijawahi kumwosha mtu. Bi Siwema alikuwa ananielekeza kwenye simu, nimeiweka juu ya ndoo. Anza kulia. Maji kidogo. Mfunike kila wakati. Yote nilifanya. Tulipofika kwenye nywele simu ikakata."

Bi Siwema aliinua kichwa. Inaonekana katika kufika na kulikimbilia jeneza hakuwa ameulizia hilo.

"Hukuzisuka?" aliuliza. "Mikia mitatu, ikalala nyuma?"

"Sikujua kama zinasukwa," alisema Nasreen. "Nilizichana tu, nikamfunika hivyohivyo."

Bi Siwema alivuta ncha ya khanga akajifunika uso wote, na mabega yakaanza kutikisika. Nasreen alipiga magoti akamshika, na Fikirini akabaki amesimama uani pale, hana pa kuweka mikono yake.